Karuka mwenyewe au karukiwa? Tuongee ukweli kuhusu stanti za masteringi

Huu ubishi haujawahi kuisha. Weka watu watano mbele ya tivii, weka muvi ambayo Tom Cruise ananing'inia ubavuni mwa ndege, dakika mbili tu washagawanyika. Huyu anasema jamaa anafanya kila kitu mwenyewe, yule anasema acheni ushamba hiyo ni kompyuta, na lazima awepo mmoja wa kuingiza Jackie Chan, kwamba kavunjika mwili mzima na watu wa bima wanamkimbia. Kinachochekesha ni kwamba wote watatu wana kaukweli kao, ila kila mmoja anajibu swali lake halafu wanadhani wanabishania kitu kimoja.

Tuanze na hili: stanti, yaani yale matukio ya hatari kwenye muvi, siyo kitu kimoja. Kurushiana ngumi na mateke yaliyopangwa hatua kwa hatua ni kazi moja, kuanguka kutoka ghorofani ni nyingine, kuendesha gari kwa fujo ni nyingine, kuwashwa moto mwilini ni nyingine, kuvutwa na waya ukagonge ukuta nayo ni nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa moto wa kuotea mbali kwenye hiyo ya kwanza na zile nyingine asiziguse hata siku moja. Mchukue Bruce Lee. Kupigana hakuna aliyemfundisha pale seti, lakini zile sarakasi za kujipindua hewani kwenye Enter the Dragon ya 1973 hakuzifanya yeye, alizifanya Yuen Wah, kijana aliyekulia shule moja ya opera ya Kichina na Jackie Chan hapo Hong Kong. Na Jackie mwenyewe yumo humo humo, ni mmoja wa walinzi wanaochapwa na Bruce kule chini ya ardhi, ukisimamisha picha kwa wakati unamwona sura kabisa. Sasa je, Bruce Lee alikuwa anafanya mwenyewe? Mateke ndiyo, sarakasi hapana, na sioni hicho kinampunguzia nini.

Au Jason Statham, huyu kabla ya muvi alikuwa mtu wa kujirusha majini, aliiwakilisha England kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 1990. Wakati wanapiga The Expendables 3 kule Varna, Bulgaria, lori alilokuwa anaendesha likakataa breki likaingia naye Bahari Nyeusi, akatoka kwa kuogelea. Hiyo haikuwa stanti wala nini, ilikuwa ajali. Ila ukiisikia inasimuliwa vijiweni utaambiwa jamaa aliizamisha lori makusudi.

Kwa hiyo badala ya kuuliza anafanya mwenyewe ama hafanyi, uliza kipi anafanya, na nani kamruhusu. Hapo kwenye ruhusa ndo kuna utamu wenyewe na watu wengi hawapaangalii.

Muvi kubwa inakatiwa bima kama unavyokata bima ya gari, na humo kuna bima ya waigizaji wakuu, yaani steringi akiumia kazi ikasimama, kampuni ya bima inabeba hasara ya zile siku ambazo watu mia kadhaa wamekaa tu hotelini huku malipo yanaendelea. Ukishakuwa wewe ndo unayebeba hasara hiyo utakubali steringi apande pikipiki arushwe juu ya mto? Hukubali. Unaandika kwenye mkataba kabisa, haya asifanye, na haya pia, hata wikiendi asiende kuteleza kwenye barafu. Muigizaji aliyeajiriwa hana la kusema. Ndo maana ukiwaangalia wale wanaoruka wenyewe kweli kweli utakuta karibu wote ni wa aina mbili, ama ni bosi wa hiyo muvi, ama alianza maisha kama stantimeni, mtu ambaye kazi yake ni stanti tu.

Bosi wa zamani kuliko wote ni Buster Keaton, enzi za picha zisizo na sauti. Mwaka 1928 kwenye Steamboat Bill, Jr. alisimama mbele ya nyumba halafu ukuta wote wa mbele ukadondoka juu yake, ukuta mzima mzima siyo wa makaratasi, yeye akapona kwa sababu pale aliposimama ndipo lilipopita dirisha. Nafasi iliyobaki kati ya mwili wake na fremu ilikuwa inchi chache. Alikuwa amepigilia alama chini ya wapi asimame, akasogea kidogo tu kakwisha. Miaka minne kabla ya hapo kwenye Sherlock Jr. maji ya tenki la reli yalimporomokea kwa nguvu akagonga shingo kwenye reli, akasikia kichwa kinauma, akaendelea na maisha. Miaka mingi baadaye daktari anampiga picha ya eksirei akamuuliza, wewe shingo ulivunja lini? Ile scene iliyomvunja shingo imo kwenye muvi mpaka leo, unaiona anainuka anakimbia.

Tom Cruise naye ni prodyuza wa Mission: Impossible tangu ile ya kwanza ya 1996, kwa hiyo akisema naruka, anayeweza kumwambia huruki ni nani? Jackie Chan alikuwa anaigiza, anaongoza na anapanga stanti mwenyewe. Michelle Yeoh hakuwa bosi, lakini kwenye Police Story 3: Supercop ya 1992, alipopandisha pikipiki juu ya treni inayotembea kule Malaysia, dairekta wake Stanley Tong alikuwa ametokea kwenye ustantimeni, na Hong Kong ya miaka ile hakukuwa na mtu wa bima amesimama pembeni na kalamu. Kuendesha pikipiki kwenyewe alijifunza kwa ajili ya hiyo muvi!

Sasa hapa kwa Jackie nataka tukae kidogo, maana bila yeye huu ubishi wote usingekuwa hivi ulivyo.

Police Story, 1985. Mwishoni yuko kwenye jengo la maduka, adui yuko chini, katikati ya jengo kuna nguzo ndefu ya chuma imezungushiwa taa za mapambo kutoka juu mpaka chini. Anapanda reli ya ghorofa ya juu, anaruka hewani, anaikamata nguzo, anateremka nayo huku taa zinapasuka moja baada ya nyingine, cheche zinaruka, halafu anatua juu ya kibanda chenye paa la vioo, anapita nalo mpaka sakafuni. Mikono ikaungua, mgongo ukaumia, nyonga ikateguka. Mara moja tu, hakurudia. Ila angalia alivyoiweka kwenye muvi: unaionyeshwa mara tatu mfululizo, kamera hii, kamera ile, na ile. Kwa sheria za hadithi huo ni upuuzi, mtu haanguki mara tatu. Kwa mtazamaji ni ushahidi, ona, hakuna pahali tumekata, hakuna pahali tumebadilisha mtu, uso wangu huu hapa.

Mwaka uliofuata akaenda Yugoslavia ya wakati huo kupiga Armour of God, na humo nusura afe kwa kitu cha kijinga tu, kuruka kutoka ukutani kushika tawi la mti. Mara ya kwanza alifanya vizuri, hakuridhika, akarudia, tawi likakatika, akatua na kichwa kwenye jiwe. Fuvu likavunjika, damu ikatoka sikioni, akafanyiwa upasuaji huko huko, na mpaka leo kichwani ana tundu lililozibwa na usikivu wa sikio moja umepungua. Ukiiangalia ile muvi kwa makini nywele zake zinabadilika, kuna scene ni fupi na kuna scene ni ndefu, maana nyingine zilipigwa kabla ya hospitali na nyingine baada.

Halafu kuna kitu alichofanya Jackie ambacho ndo kilibadilisha watazamaji. Mwishoni mwa muvi, pale majina yanapopanda, akawa anaweka vipande vilivyoharibika. Wazo alilitoa Marekani, alikuwa ameigiza sehemu ndogo kwenye The Cannonball Run ya 1981, dairekta wake Hal Needham aliyekuwa stantimeni aliweka mwishoni vipande vya waigizaji wakikosea maneno na kucheka. Jackie akachukua hiyo, ila badala ya vicheko peke yake akaweka na maumivu: mtu anaanguka vibaya, mtu anabebwa na machela, yeye mwenyewe damu sikioni pale Yugoslavia. Kwenye Rumble in the Bronx ya 1995 anavunjika kifundo cha mguu akirukia chombo cha majini, halafu unamwona anaendelea na kazi akiwa amevaa juu ya plasta soksi iliyochorwa ifanane na raba. Watu wakajifunza kutonyanyuka muvi ikiisha. Ile dakika mbili ya mwisho ikawa risiti, umelipia stanti na hii hapa stakabadhi yake.

Na bado, hapa ndo wale wa kambi ya "anafanya vyote" wanapokosea, Jackie ana timu yake ya stantimeni, na kuna vipande wanamsimamia wao. Inajulikana na wala haijafichwa sana. Ila risiti zikishakuwa nyingi hivyo nani atakagua kila bidhaa?

Tuje kwa wasioruka, wanakudanganyaje. Njia ya kale ni dabo, mtu mwenye umbo kama la steringi, anavaa nguo zake, wigi yake, anapigwa picha kwa mgongo au kwa mbali, halafu wanakata, sura ya steringi inaonekana anajipangusa vumbi. Njia ya pili ni kukata kwa kasi. Kuna ile scene maarufu kwenye Taken 3 ambayo Liam Neeson anaruka uzio, ni uzio wa kawaida tu wa waya, na wameikata vipande zaidi ya kumi ndani ya sekunde chache mpaka macho yanauma, watu wameicheka mpaka leo. Nami naicheka, ila mzee alikuwa na miaka sitini na ushee, mlitaka auparamie kweli? Njia ya tatu ni kompyuta, na hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye Jurassic Park ya 1993 kuna pale yule binti anadondoka kwenye dari huku dinosaria yuko chini, aliyedondoka ni dabo, bahati mbaya akaangalia juu na kamera ikamnasa uso, badala ya kurudia wakabandika uso wa muigizaji kwa kompyuta. Miaka zaidi ya thelathini iliyopita hiyo! Leo wanafanya hivyo kila siku na hujui.

Kwa hiyo ukitaka kukagua mwenyewe, usiangalie stanti ni kubwa kiasi gani. Angalia kamera imekaa muda gani bila kukatwa, mwili mzima unaonekana au ni mkono tu, halafu uso uko wapi wakati tukio linatokea, siyo kabla wala baada. Kwenye picha za Hong Kong za zamani kamera iko mbali na imetulia, kwa sababu waliokuwa mbele yake walikuwa wanajua kazi. Kamera ikianza kutetemeka kama imeshikwa na mlevi, mara nyingi kuna kitu inaficha.

Upande wa watazamaji sasa. Kwa waliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyesha muvi, hakuna haja ya kuelezwa: steringi hafi. Hata apigwe risasi ngapi, hata adui awe na helikopta. Na wale wa kutafsiri, wakina Lufufu kwa Tanzania na DJ Afro kwa Kenya, wakaikuza imani hiyo zaidi, mtu anaruka ukuta mdogo tu lakini kwa maneno yao unaona karuka mlima. Sasa kuna siku imani hiyo ilikutana na dunia halisi, nayo ni India, Julai 1982.

Amitabh Bachchan anapiga Coolie pale Bangalore. Ni scene ya ngumi, anapigana na Puneet Issar, kijana ambaye alikuwa bado mgeni kwenye kazi. Mpango ni kwamba Amitabh apigwe, aangukie meza, abiringike upande wa pili. Angeweza kumwachia dabo, akasema nafanya mwenyewe. Muda ukapishana kidogo, kona ya meza ikamwingia tumboni. Mwanzoni hata hawakujua ni kubwa kiasi gani. Kumbe ndani kumepasuka, akapasuliwa Bangalore, akahamishiwa Bombay, akafika mahali ambapo madaktari walikaribia kukata tamaa. India ikasimama. Watu wakajaa nje ya hospitali, misikitini, kwenye mahekalu, makanisani, waziri mkuu Indira Gandhi akaenda kumtazama. Na yule kijana aliyerusha ngumi, maskini, ngumi yenyewe ilikuwa ya kuigiza kama walivyopanga, lakini kwa watu akawa ndo adui kweli kweli.

Amitabh akapona. Sasa angalia walichofanya na muvi, imetoka 1983. Moja, mwisho wa hadithi ulikuwa steringi afe, dairekta Manmohan Desai akaubadilisha, anapigwa risasi lakini anapona, sababu ungewezaje kuwaambia watu waliomwombea wiki na wiki kwamba kafa? Mbili, ile ngumi ikifika kwenye muvi, picha inaganda. Inasimama kabisa, na maandishi yanatokea kukwambia hapa ndipo Amitabh Bachchan alipoumia. Katikati ya hadithi! Umekaa unafuatilia mambo ya mbeba mizigo wa stesheni na ghafla unaambiwa achana na hadithi, mtazame mtu huyu. Picha za Kihindi zilikuwa zinajaza majumba ya sinema Dar, Zanzibar na Mombasa miaka hiyo, kwa hiyo wazee wetu wengi wanaikumbuka, wengine hadithi ya Coolie wameisahau ila ule mgando wanao kichwani.

Ukiweka hiyo mgando na risiti za Jackie pamoja unaona ni kitu kilekile. Mtazamaji anakuja kwa ajili ya hadithi lakini anachoondoka nacho ni mwili wa mtu anayemjua kwa jina. Dabo akivunjika mbavu mbili ni habari ya seti. Steringi akiteguka kidole ni sehemu ya muvi.

Hapo ndo namwelewa Tom Cruise. Kompyuta ilipokua, watu wakaacha kuamini macho yao, na mtu asipoamini hatishiki. Basi jamaa akageuza: kabla hujaiona muvi nakuonyesha kwanza tulivyoipiga. Burj Khalifa kule Dubai, kwenye Mission: Impossible ya 2011, yuko nje ya jengo refu kuliko yote duniani, mita 828, ghorofa zaidi ya mia juu. Yuko kweli. Pia amefungwa waya kweli, na waya zimefutwa kwa kompyuta, kwa hiyo yule wa "ni kompyuta tu" naye hakudanganya. Ile ndege ya 2015 ni Airbus A400M ya kijeshi, ilipaa naye ubavuni mara nane kwenye uwanja wa jeshi la anga kule Uingereza, na machoni alivalishwa lenzi maalum kubwa za kumkinga na upepo na vijiwe, maana kokoto moja tu kwa kasi ile inatoa jicho. Halafu ule mruko wa pikipiki kutoka mlimani Norway, video ya maandalizi ilitoka Desemba 2022 na muvi ikatoka Julai 2023. Miezi saba! Wengi walienda sinema wakiwa wameshauona mruko wenyewe, na njia aliyopita na pikipiki ilikuwa rampu ya kutengenezwa, kwenye muvi wameifunika ionekane ni mwamba wa mlima.

Na kuna kitu kuhusu mruko huo nakipenda kuliko mruko wenyewe, waliupiga siku ya kwanza ya kazi. Siku ya kwanza kabisa. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara tupu: kama atakufa au atavunjika, bora ijulikane kabla hawajatumia hela ya muvi nzima. Aliruka mara sita siku hiyo.

Agosti 2017 pia inabidi itajwe hapa. Cruise alikuwa London anapiga Mission: Impossible – Fallout, akaruka kutoka jengo hadi jengo, akagonga mguu ukutani, kifundo kikavunjika, akajivuta juu akachechemea mpaka nje ya kamera ili scene isiharibike. Kipande hicho kimo kwenye muvi. Kazi ikasimama kwa wiki kadhaa, video ikasambaa dunia nzima, baadaye akaenda kwenye kipindi cha tivii kuionyesha taratibu taratibu watu wakafunika macho na kupiga makofi.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 14, Vancouver, Joi "SJ" Harris alifariki akiwa kazini kwenye Deadpool 2. Alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi mwenye leseni ya mbio za barabarani, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya muvi. Alikuwa anamsimamia muigizaji mwingine. Hakuwa na helmeti, kwa sababu mhusika kwenye hadithi havai helmeti. Mamlaka ya usalama kazini ya huko ilichunguza ikakuta waajiri walikuwa na makosa, ikiwemo hilo la helmeti, na baadaye wakapigwa faini. Mwezi mmoja kabla, stantimeni mwingine, John Bernecker, alianguka akafa akiwa kazini kwenye tamthilia ya The Walking Dead kule Georgia, Marekani. Muulize mtu yeyote aliyebisha kuhusu kifundo cha Cruise kama anayajua haya majina mawili.

Sisemi Cruise ana kosa. Kuna hata hoja kwamba steringi akiruka mwenyewe usalama unaongezeka, kwa sababu hakuna prodyuza atakayebana bajeti ya kamba zinazomshika Tom Cruise. Kamba hizo zinakaguliwa na watu, zinajaribiwa kwanza na watu, wanaruka wao mara ya kwanza ndo aje yeye. "Anafanya mwenyewe" maana yake hasa ni kwamba kuna kundi la watu waliofanya kabla yake. David Holmes, yule aliyekuwa dabo wa Harry Potter, mwaka 2009 alikuwa kwenye jaribio la kuvutwa na waya tu, shingo ikavunjika, amepooza kuanzia kifuani. Ilikuwa mazoezi, na wala haikuwa scene ya kukumbukwa.

Sasa kuna sehemu moja karibu na sisi ambapo hili swali halina maana kabisa, nayo ni Wakaliga, Kampala. Isaac Nabwana na vijana wake wa Wakaliwood, wale wa Who Killed Captain Alex ya 2010, hawana dabo kwa sababu hawana hela ya dabo. Steringi anaruka, adui anaruka, fundi anaruka. Damu zamani walitumia ya ng'ombe, siku hizi ni rangi ya chakula ndani ya kondomu, inapasuka kifuani vizuri tu. Milipuko ni ya kompyuta na inaonekana wazi ni ya kompyuta, na juu yake msimuliaji wao VJ Emmie anapiga kelele kumsifia kila anayeruka teke. Hapo mtazamaji anajua bunduki ni ya mabomba na helikopta ni ya bandia, lakini teke ni la kweli maana hao ni vijana wanaofanya kung fu kila siku, na anafurahia vyote viwili kwa pamoja bila kuuliza risiti ya mtu. Binafsi naona ni watazamaji waliopevuka kuliko sisi tunaokesha tunabishana kuhusu waya.

Hollywood nayo imeanza kusogea, taratibu mno. Stantimeni walikuwa wanapata Oscar za heshima tu, Yakima Canutt mwaka 1967, Hal Needham mwaka 2012, lakini kipengele chao wenyewe hakikuwepo, vipodozi na nywele vina tuzo ila kudondoka ghorofani hakuna. Aprili 2025 ndo Academy, wale wanaotoa Oscar, ikatangaza tuzo ya ubunifu wa stanti, itaanza na muvi za 2027, kwa hiyo mara ya kwanza itatolewa 2028, kwenye Oscar za mia. Kati ya waliosukuma hilo kwa muda mrefu ni David Leitch, zamani dabo wa Brad Pitt, na Chad Stahelski, zamani dabo wa Keanu Reeves kwenye The Matrix. Stahelski ndiye dairekta wa John Wick, yaani dabo amekuwa bosi wa steringi wake.

Na huyo Keanu ukimuuliza anafanya stanti zake atakwambia hapana. Amelisema mara nyingi, yeye anapigana, anarusha watu kwa judo, anashika bunduki, anaendesha baadhi ya magari, lakini stanti wanafanya wenye kazi yao. Mazoezi anayapiga miezi na miezi ili kamera iweze kukaa mbali na kutulia. Halafu ikifika kwenye zile ngazi 222 za pale Sacré-Cœur, Paris, kwenye John Wick ya nne, ile scene anabiringishwa kutoka karibu na juu mpaka chini mpaka unasikia mbavu zako zinauma, anayebiringika ni Mfaransa Vincent Bouillon. Watu walicheka, wakashika vichwa, wakapiga makofi, na mashabiki wengi baada ya hapo wakaanza kumtafuta yule aliyeanguka ni nani.